Korido ya Rangi Mbichi

Asubuhi hiyo Mama Vibao alikuwa amekaa kwenye stuli nje ya karakana yake, ubao umelala mapajani, anamalizia maneno TAHADHARI: RANGI MBICHI. Kibao kilikuwa cha chuo cha sanaa. Kila mwaka mahafali yakikaribia, chuo kiliagiza kipya, maana cha mwaka uliopita kilikuwa kimeshasuguliwa na mabega ya wapita njia mpaka hakisomeki. Aliishusha ile I ya mwisho kwa mkupuo mmoja, bila rula, akarudisha kichwa nyuma kukiangalia kibao kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevishwa sare mpya. Akakiegemeza ukutani, akaingia ndani kuangalia chai. Aliporudi na kikombe, kibao kilikuwa kimekauka. Alikigusa, akaangalia kidole. Safi.

“Nyie mnajua kukauka,” alikiambia kibao, akanywa chai yake.

Mjini pale wengi hawakulijua jina lake halisi, lakini kila siku walimsoma. Mshale wa kuelekea hospitali ulikuwa wake. Namba za milango ya ofisi za ardhi, zake. HAPA HAPAEGESHWI GARI ilikuwa yake, na pale chini, kwa herufi ndogo, HATA DAKIKA MOJA TU, ambayo aliiongeza mwenyewe bila kutumwa na mtu. Vyote hivyo vilikauka kwa wakati wake. Katika maisha yake yote ya kushika brashi ni kitu kimoja tu alichopaka kikakataa kukauka, nacho kilikuwa kimetundikwa kwenye korido ya chuo hichohicho, kati ya bwalo la chakula na vyoo, tangu mwaka aliomaliza masomo. Kilikuwa picha ya mama yake.

Mama yake alikuwa fundi wa kushona. Siku hizi familia nzima humwita Bibi Cherehani, ingawa wakati ule alikuwa hajawa bibi wa mtu. Chumba chake cha kushonea kilikuwa chembamba hivi kwamba mteja akiingia, upepo unatoka. Ndani kulikuwa na cherehani, kabati la vitambaa, na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Binti yake alipotaka kumchora kwa ajili ya kazi ya mwisho ya chuo, ile mbao ya miguu mitatu ya kuegemeza picha haikupata pa kukaa ila mlangoni, na yeye mwenyewe akalazimika kukaa kampa mama yake mgongo. Kwa hiyo alimchora kwa kumtazama kiooni. Alichora gauni la bluu, miwani iliyoteremka puani, uzi mdomoni, na mkono ulioshika sindano ukiwa na kastabani, kile kikofia cha bati kinachovaliwa kidoleni ili sindano isichome. Alichora wiki kadhaa, mama anashona, redio inaongea peke yake, wateja wanaruka miguu ya mbao na kuomba radhi.

Sasa, Bibi Cherehani alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alishona kwa kushoto, alikata kwa kushoto, na kastabani yake ilikuwa ya kushoto. Darasa la kwanza mwalimu alimchapa rula kwenye vidole vya mkono huo kila alipoukosea adabu ubao, mpaka akajifunza kuandika kwa kulia. Alipofika nyumbani kila siku alirudi kushoto, kama mtu anayevua viatu. Kioo lakini hakikuambiwa habari hizo. Picha ilipokamilika, yule mama aliyekaa mle ndani alikuwa anashona kwa mkono wa kulia, safi kabisa, kama wanafunzi wote watiifu.

Bibi Cherehani alipoiona alicheka mpaka akashika kabati.

“Basi yule mwalimu wangu ameshinda,” alisema.

Binti alitaka kuirekebisha usiku uleule. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka kazi, na mama mtu akasema aiache, wanaokuja kuangalia hawamjui, na wanaomjua hawataenda kuangalia. Binti akamwambia, “Nitakurudishia mkono wako, mama. Zamu hii ikipita tu.” Mama akasema haya. Wakaishia hapo.

Tuzo ilianza mwaka ule. Jina lake lilikuwa refu: Tuzo ya Kumtia Moyo Msanii wa Kike Mwenye Matumaini Anayehitimu Masomo, na aliyeandika cheti alilazimika kupunguza herufi kila mstari ili lienee. Mshindi alipewa kisanduku cha brashi chenye kitambaa cha kijani ndani, na picha yake ikatundikwa chuoni. Wanafunzi wa kiume hawakuwa na tuzo. Wao hawakuhitaji kutiwa moyo, walipewa misumari. Kila aliyemaliza vizuri, picha yake ilikwenda moja kwa moja Ukumbi Mkuu.

Mama Vibao aliikumbuka siku ile ya tuzo kama watu wanavyokumbuka nyumba waliyokulia. Sakafu ilinuka dawa ya kung'arishia. Wenzake walikaa kwenye ngazi wanamenya machungwa, wanatupiana maganda. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu waliyemwita Tapentaini, kwa sababu hajawahi kununua ya kwake hata siku moja. Alikuwa anaomba tapentaini ya kusafishia brashi, halafu anaomba na brashi ya kusafisha. Siku ile alikuja amechomeka sikioni brashi ambayo ilikuwa ya Mama Vibao, naye Mama Vibao hakuidai, maana alikuwa na furaha iliyozidi brashi. Bibi Cherehani alikuja na gauni jipya la bluu alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, sawa na lile la kwenye picha, ili watu wamtambue.

Picha ilikuwa imekauka muda mrefu. Mgeni rasmi alisimama mbele yake, akausifu hasa ule mkono wa kulia, akasema mkono ule unaonyesha nidhamu. Kisha akamgeukia binti akasema, “Huyu ana dalili njema. Tunamtarajia mbele.” Hapo picha ikaanza kuwa mbichi. Kwanza ikang'aa, kama uso wa mtu aliyetoka kunawa. Kisha ikatoa ile harufu ya rangi na mafuta, na tone la bluu likateremka taratibu kwenye pindo la gauni, likaning'inia. Watu walipiga makofi. Bibi Cherehani akamkumbatia mwanawe, na katika kukumbatiana mkono wa blauzi nyeupe ya binti ukaigusa picha, ukabaki na alama ya bluu yenye ukubwa wa kidole gumba.

Chuo kilijitahidi. Walifungua madirisha. Walileta feni. Waliiweka juani ua wa nyuma, ikapata joto, ikarudi ndani mbichi vilevile na mbu mmoja. Walimwita mtaalamu, akaigusa, akafuta kidole kwa leso, akasema ni mbichi, akaandaliwa chakula. Mwaka uliofuata wakampa tuzo binti mwingine, aliyechora wanawake wanaobeba mawe ya ujenzi, na picha ile nayo ikawa mbichi katika sentensi ileile. Mwaka wa tatu mtunzaji wa picha alikwishajua. Mgeni rasmi akikaribia kusema tunamtarajia, yeye anatandika magazeti ya zamani chini.

Kamati ilikaa, ikaweka utaratibu. Picha mbichi haiingii Ukumbi Mkuu, maana itachafua nyingine na nguo za wageni. Wala haitoki nje ya chuo, maana ni mali ya chuo na itaharibika njiani. Wala hairekebishwi na mtu yeyote, kwani imeshatuzwa. Itakaa koridoni mpaka ikauke. Ulikuwa utaratibu wenye mantiki na hakuna aliyeupinga, hata Mama Vibao. Alijiambia ikikauka itapelekwa Ukumbi Mkuu, watu wataiona, ndipo ataomba ruhusa ya kumrudishia mama yake mkono. Akasubiri.

Akiwa anasubiri, aliolewa. Blauzi ya tuzo aliihifadhi, na ile alama ya bluu haikukauka kabatini. Ilihamia kwenye shati la mume wake, ikahamia kwenye blanketi la mtoto, kisha kwenye kitasa cha mlango wa chumbani. Mume wake, kinyozi, mtu mpole asiyependa makuu, alizoea. Akikuta bluu kwenye mkunjo wa shati kazini huwaambia wateja, “Mama mkwe kanisalimia,” anaendelea kunyoa.

Bibi Cherehani alifariki kabla ya kupata mjukuu, binti yake akiwa amekwishaanza kazi ya vibao. Wakati wa kufungasha vitu vyake ikagundulika kwamba hakuna aliyewahi kumpiga picha ya kamera ambamo hajafumba macho. Uso wake uliobaki wazi ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa koridoni, jirani na vyoo, unashona kwa mkono usiokuwa wake.

Korido ilijaa. Kila mwaka picha moja. Aliyezitunza kwa kweli alikuwa Dada wa Chai, anayepita hapo na sinia mara zisizo na idadi, kiubavuubavu kama kaa. Aproni yake ilikuwa na rangi ya kila mshindi, na zote mbichi. Mfukoni aliweka kibano, na kazi zikipungua aliwatoa wadudu mmoja mmoja kwenye picha, hasa kwenye miwani ya Bibi Cherehani, ambako walipenda kutua. Chuoni waliwaita washindi “mabinti zetu wa tuzo”. Mmoja wa mabinti hao alikuwa na wajukuu. Mwingine aliuza mapazia. Mwingine alifundisha chekechea kupaka rangi bila kutoka nje ya mstari. Kila mwaka walialikwa kwenye sherehe, wakakalishwa safu ya nyuma, na kila mwaka mkuu wa chuo aliwaambia kwa upendo wasikate tamaa, bado mapema.

Mkuu wa chuo alikuwa Tapentaini. Picha yake ya mwaka ule, baiskeli iliyoegemea ukuta, ilikuwa Ukumbi Mkuu, na ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka. Wageni waliisogelea wakazisifu nyufa.

Sasa binti wa Mama Vibao naye alikuwa anamaliza chuo hichohicho. Mkono wa kushoto ulikuwa umemruka Mama Vibao ukamwangukia yeye, na alipoanza shule alikuta walimu wameshaacha habari za rula. Kazi yake ya mwisho ilikuwa picha ya mama yake juu ya ngazi, mgongo kwa watu, kisigino kilichopasuka kimetoka nje ya kandambili, anaandika neno KARIBU kwenye ukuta mkubwa. Lilikuwa limefika KARIB.

“Mimi sijawahi kuacha neno njiani,” Mama Vibao alisema alipoiona.

“Ulishuka kufuata maji mama. Nikachora hapo.”

“Ungesubiri nipande.”

Lakini alirudi kuiangalia mara kwa mara akidhani hakuna anayemwona. Hajawahi kukiona kisigino chake kutoka nyuma. Hajawahi kujua kwamba akiandika, bega moja hupanda kama mtu anayesikiliza. Picha ilichorwa kwa rangi za siku hizi zinazokauka hata kabla brashi haijaoshwa, na mtunzaji alikwishaipimia nafasi Ukumbi Mkuu, ukuta wa mbele, unaopata mwanga wa asubuhi. Msumari ulikuwa umeshapigwa.

Wiki ya mahafali ikatangazwa kwamba binti ndiye mshindi wa Tuzo.

Nyumbani hawakupiga vigelegele. Kinyozi alitoa mkono, akampongeza mwanawe kama wanaume wanavyopeana pole, akaenda kuchemsha maji. Mama Vibao akamwambia binti kwamba anaweza kukataa. Binti alikuwa anaosha brashi na hakugeuka.

“Nikikataa watampa mwenzangu aliyechora ile meza ya upasuaji. Kachora miezi. Niende nikamwambie nini, mama, kwamba nimemsukumia?”

Mama Vibao alichukua kitambaa akaanza kumkaushia brashi. Alikuwa amemlea mwenyewe hivyo.

Kesho yake alikichukua kibao chake kilichokauka akaenda nacho chuoni, akamkuta Tapentaini ofisini. Mbele ya watu alimwita Mkuu. Mlango ulipofungwa alimwita Tapentaini, naye alilegea mabega kama mtu aliyefunguliwa tai. Waliulizana watoto, waliulizana magoti. Alikuwa amezeeka vizuri, na kwenye kikombe cha kalamu mezani kulikuwa na brashi ambayo Mama Vibao aliitambua kwa alama za meno yake mwenyewe kwenye mpini. Aliiacha kikombeni. Alisema lililomleta. Alitaka picha ya mwanawe itundikwe Ukumbi Mkuu kabla ya sherehe, tuzo itolewe hukohuko, ikiwa tayari iko juu.

“Ikishapanda msumarini, imepanda,” alisema. “Nani atasumbuka kuishusha?”

Tapentaini alifikiri, akasema hakuna utaratibu unaokataza. Picha kavu inaruhusiwa, nayo kwa sasa ni kavu. Alifurahi kweli kumsaidia. Aliita mtunzaji hapohapo. Mama Vibao alipokuwa anatoka alimuuliza, kama alivyomuuliza miaka yote, habari za picha ya mama yake. Tapentaini akajibu kama alivyojibu miaka yote kwamba juzi alipita akaitazama, inaelekea inakaribia kukauka.

Siku ya sherehe Mama Vibao aliivaa ile blauzi. Ilimbana, lakini ilifunga. Aliingia Ukumbi Mkuu mapema, kabla ya viti kujaa, akaenda moja kwa moja ukuta wa mbele. Picha ilikuwa juu ya msumari. Alijiona mgongo, kisigino, KARIB. Aliigusa kwa kidole kwenye kona. Kavu kama sahani. Akasimama hapo kidogo, mwanga wa asubuhi ukiwapiga shingoni yeye na yule wa kwenye ngazi sawia, akawaza kwamba mama yake naye angependa mwanga huu, maana alikuwa akilalamika macho.

Mtunzaji alikuja na magazeti ya zamani chini ya kwapa. Alimwamkia, akasema ni kwa usalama tu, hatayatandika. Akasimama nayo pembeni.

Mgeni rasmi mwaka huu alikuwa mama mmoja mwenye sauti laini, aliyevaa vizuri na aliyeonekana kusoma hotuba yake zaidi ya mara moja nyumbani. Alizungumzia umuhimu wa sanaa. Akazungumzia mazingira. Akasimulia alivyokuwa mbovu wa kuchora shuleni, ng'ombe wake walifanana na meza, watu wakacheka. Akaisifu picha: ngazi, kisigino, ukuta. Mama Vibao alianza kupumua vizuri. Huyu mama alikuwa anaongea kama jirani, na hotuba ilikuwa imebakiza karatasi moja. Kisha mgeni rasmi akaivua miwani, akaiweka karatasi kando ili aseme la moyoni, akamshika binti bega.

“Mwanangu, bado una safari ndefu,” alisema. “Lakini unatia matumaini sana.”

Mtunzaji alikuwa ameshatandika. Mama Vibao hakuangalia picha, alivuta pumzi tu, na harufu ikamfikia, ya rangi iliyotoka kwenye kopo sasa hivi. Kisigino kiling'aa. Ile B ya mwisho ikajikunja kidogo kwenye ukuta wa picha, ikatoa tone. Makofi yalikuwa makubwa na ya kutoka moyoni. Binti alipokea kisanduku cha brashi kwa mikono miwili, akamshukuru mgeni rasmi, akageuza macho kwa mama yake aliyeketi sasa safu ya nyuma na wenzake.

Vijana wawili wakaishusha picha huku makofi yakiendelea, wakiishika kwa kingo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, waliielewa. Kwenye msumari wakapandisha picha ya mwanafunzi mmoja wa kiume, vitunguu ndani ya beseni, ambayo ilikuwa imesubiri nyuma ya mlango. Yule mwanafunzi alimfuata binti akamwomba radhi, na binti akamwambia vitunguu vyake ni vizuri, ambayo ilikuwa kweli. Mabinti wa tuzo wa safu ya nyuma walisogea karibu na Mama Vibao. Yule wa mapazia alimpapasa goti. Mwenye wajukuu alimnong'oneza kwamba koridoni bado kuna nafasi nzuri, karibu na dirisha la bwalo.

Lakini picha ilitundikwa upande mwingine. Mtunzaji aliona nafasi ndogo iliyokuwa wazi jirani na ile ya kwanza kabisa, akaipachika hapo. Hivyo Bibi Cherehani na mwanawe wakakaa bega kwa bega ukutani, mmoja anashona, mwingine anaandika, wote wakitoa tone mara mojamoja kwenye magazeti.

Wageni walikwenda kula. Korido ikawa kimya, sauti za vijiko zikitokea bwaloni. Mama Vibao alisimama mbele ya mama yake kwa muda. Alikuwa amepita hapa kila mwaka, ila kila mwaka alipita kama mtu anayepita kuuliza kama kitu kiko tayari. Safari hii hakuuliza. Alimwomba binti kisanduku chake.

“Brashi gani, mama?”

“Ile nyembamba. Na uvute stuli ya Dada wa Chai, ukae hapo kwenye mwanga. Shika kitu kama sindano.”

Binti alikaa. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, maana ndio ulioenda wenyewe, akakunja kiwiko kwa ndani, akainamisha kichwa. Hakumwona bibi yake akiwa hai. Lakini alikaa hivi kwamba Mama Vibao ilimbidi atazame pembeni kwanza, kwenye mlango wa vyoo, kisha arudi.

Dada wa Chai alitokea na sinia. Aliwaona. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba picha iliyotuzwa hairuhusiwi kuguswa, kila mtu anajua. Mama Vibao akasema anajua.

“Basi mimi nina sinia mkononi,” Dada wa Chai alisema, “siwezi kuona vizuri.” Akageuka, akasimama katikati ya korido akiwapa mgongo, mpana, mwenye rangi za watu wote.

Hakuhitaji rangi mpya. Ile ya ujana wake ilikuwa pale yote, laini, aliyoichanganya mwenyewe kwenye kifuniko cha kopo la maziwa huku redio ikiongea na wateja wakiruka miguu ya mbao. Aliikumbuka kijivu ya kastabani: alitafuta siku nzima, mwishowe akaipata kwa kuongeza bluu ya gauni, kidogo tu. Brashi ilipoigusa ilisogea bila ubishi, kama ilikuwa inangoja iambiwe. Aliivuta kastabani kutoka kidole cha kulia, akaipitisha juu ya kitambaa, akaivisha kidole cha kushoto. Akahamisha sindano. Akanyoosha uzi upya kutoka mdomoni mpaka mahali pake pa kweli. Mkono wa kulia, uliosifiwa kwa nidhamu, akaupa upindo wa kushika. Kiwiko cha kushoto alikitazama kwa binti, akakikunja kwa ndani.

Hakuna kitu kingine kilichobadilika usoni. Bibi Cherehani alikuwa bado ameuma uzi, miwani puani. Ila sasa alionekana kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

“Mbona amekaa kama mimi?” binti aliuliza.

“Wewe ndiye umekaa kama yeye. Usijipandishe cheo.”

Binti alicheka. Akaitazama picha yake mwenyewe, ile ya ngazi, akamsogezea mama yake brashi, akamwambia amalizie basi na ile herufi yake iliyobaki, si amelalamika mwezi mzima. Mama Vibao aliipima nafasi kwa jicho la kazi. Ilienea. Akairudisha brashi kwenye kitambaa cha kijani.

“Hiyo kazi si yangu,” alisema. “Mimi nilishuka kufuata maji.”

Baada ya chakula Tapentaini alipita na mgeni rasmi, wote wawili wamekusanya nguo zao kwa mkono, wanatembea katikati. Mbele ya picha ya kwanza alisimama. Aliiangalia kwa makini, akakunja uso kama mtu anayesikia wimbo anaoujua ukipigwa na bendi nyingine. Alimtazama Mama Vibao, akaitazama picha tena. Ikaonekana anataka kusema jambo, na pengine lilikuwa jambo la zamani, la ngazi na machungwa. Mgeni rasmi akamuuliza hizi ni za nani.

“Hawa ni mabinti zetu wa tuzo,” alisema. “Hii ya kwanza naona inakaribia kukauka.”

Mgeni rasmi akasema zinatia matumaini sana, zote. Korido nzima ikadondosha tone. Wakaendelea mpaka Ukumbi Mkuu, ambako vitunguu vilikuwa vimeshapata mwanga wa mchana.

Mwaka uliofuata kamati iliongeza korido ikapinda kona, na chuo kikamwagiza Mama Vibao vibao viwili. Alikaa nje ya karakana na ubao wa pili mapajani. Binti alikuwa ndani anachora herufi za duka la viatu. Alikuwa ameanza kazi hapo wakati anasubiri. Mume wa Mama Vibao alileta chai, akamkabidhi, akachukua kikombe kitupu cha mwanzo. Kishikio chake kilikuwa na alama ya bluu, mbichi, yenye ukubwa wa kidole gumba.

“Shikamoo, mama,” kinyozi alikiambia kikombe. Akamgeukia mkewe. “Ameamkaje?”

“Ameamka salama,” Mama Vibao alisema, akiishusha I ya mwisho. “Anashona.”

Akakiegemeza kibao ukutani. Kabla chai haijapoa, kilikuwa kimekauka.